Kidole cha Mwisho Hakijala

Wubit alikuwa amesharudi kwao, ila miguu yake ilikuwa bado haijapata habari. Ikiona mtu anamaliza kunywa maji, inainuka kwenda kuosha kikombe. Ikisikia mlango, inainuka. Isiposikia kitu, inainuka vilevile, huenda kuna kazi mahali inajificha.

"Kaa chini, mwanangu," mama yake, Bibi Shitaye, alimwambia kwa upole siku ya kwanza. Siku ya pili upole ulikuwa umekwisha. "Kaa chini wewe! Sufuria hiyo umeisugua asubuhi, unataka itoboke tupikie nini?"

Alikaa. Akainuka. Miaka yote aliyofanya kazi za ndani kule Beirut hapakuwa na kukaa. Bosi wake wa kike alikuwa akikuta mtu kakaa, basi huyo atatafutiwa zulia la kukung'uta hata kama limekung'utwa jana. Sasa hata kahawa ilimshinda. Nyumbani kwao kahawa hunywewa raundi tatu, na ya tatu ndiyo yenye baraka, lakini Wubit aliinywa wima, jicho kwenye ufagio.

"Hiyo baraka itakukuta wapi?" mama yake akafoka. "Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Lakini tuseme ukweli, kilichomhangaisha hasa hakikuwa sufuria. Kilikuwa Tirsit, binti yake.

Alimwacha Tirsit ana meno ya maziwa. Baba wa mtoto alikuwa ameshakimbilia Metema kwa mwanamke mwingine, na huyo tusimpotezee mate. Wubit akamwacha mtoto kwa bibi yake, hapo kijijini juu ya Kombolcha, akaenda kuhangaikia riziki. Sasa amerudi moja kwa moja. Amepata chumba mjini, amepata kazi kwenye duka la mikate, amemtafutia Tirsit nafasi shuleni. Jumatatu kazi inaanza na shule inafunguliwa. Bajaji ya Seid imeshaambiwa ije Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kilichobaki ni mtoto kukubali tu.

Na mtoto hakukataa. Hilo ndilo lililouma. Angekataa, angelia, angetupa mawe, Wubit angejua pa kushika. Tirsit alimwita "Wubit", jina kavu, kama anamwita jirani. "Mama" alikuwa bibi yake. Alipovishwa viatu vya kutoka Beirut, vinavyowaka taa kisiginoni, vikambana, alisema, "Asante sana, Wubit, nitampa Hayat wa jirani, mguu wake mdogo." Alipoombwa asukwe nywele alijibu kwa adabu zote kwamba zilisukwa juzi. Kila Wubit aliponyoosha mkono amshike, mkono wa mtoto ulikuwa na shughuli kwingine. Mara unajikuna, mara umefunga kitenge, mara umeingia kwapani kwa mwenyewe.

Bibi Shitaye aliliona hilo mapema. Jioni ile ya kwanza alimvuta bintiye nyuma ya nyumba.

"Sikiliza, Wubit. Mtoto si kuku, nimfunge miguu nimtie kapuni nikukabidhi. Siku akikupa mkono mwenyewe, kwa hiari yake, mchukue, nami nitawabariki. Asipokupa, Jumapili unapanda bajaji peke yako. Utakuja kujaribu tena sikukuu."

"Mama! Ni mwanangu!"

"Nani kabisha? Nimesema mkono."

Wubit alitaka kupiga kelele. Badala yake akaenda kuosha mabakuli.

Jumamosi walikaa kula, sinia moja, injera, ule mkate mpana laini, imetandazwa na mchuzi wa shiro umemwagwa katikati, bado unachemka. Hapo ndipo Wubit alipokiona kitu ambacho siku zote hizo macho yake yaliyojaa wasiwasi yalikipita. Tirsit alikuwa anakula kwa mkono wa kulia kama watu wote, lakini kidole cha mwisho amekisimamisha pembeni. Hakigusi injera, hakigusi mchuzi. Vidole vinne vinafanya kazi, cha tano kinatazama tu.

"Kidole kina nini? Kimeumia?" Wubit akauliza, ameshainuka nusu kwenda kutafuta dawa.

Bibi Shitaye akacheka hadi akapaliwa. "Hicho? Muulize mwenyewe! Sisi wengine tunafunga Jumatano na Ijumaa. Kidole cha Tirsit kinafunga mwaka mzima, hata Pasaka hakifungui! Nasema ipo siku padri atakiandika kuwa mtakatifu."

Tirsit hakucheka. Alimkazia bibi yake macho, kisha akayateremsha kwenye sinia.

Wubit akapata wazo, na lilimpa furaha kweli, maana lilitoka mbali. Kulikuwa na mchezo wao, yeye na Tirsit, enzi za uchanga. Mtoto alikuwa msumbufu wa kula, mdomo umefungwa kama kufuli. Basi unamshika mkono, unamhesabia vidole, unapanda na cha mwisho, kile kinachoomba kula, mpaka kwapani, na akicheka tu mdomo ukafunguka, tonge ndani! Wubit akafuta mkono wake, akaukamata wa mtoto kabla haujapata shughuli, akaanza kwa dole gumba:

"Huyu kaenda kisimani,
huyu kaleta kuni,
huyu kakanda unga..."

Tirsit akauchomoa mkono kama aliyeunguzwa. Akainuka, akaufunika kwa shuka lake la begani, akatoka nje bila hata kunawa.

Shiro ikaganda kwenye sinia.

"Umemfanya nini?" Bibi Shitaye akauliza.

"Sijui! Mungu wangu, mama, sijui!" Na kweli hakujua. Alizunguka chumbani, akakunja mashuka, akayakunjua, akayakunja tena.

Jumapili ikafika, maana siku hazina huruma. Walikula, Tirsit kwa vidole vyake vinne, kisha mtoto akaenda nyuma ya nyumba na ungo wa dengu. Wubit alikuwa ameshafunga mzigo wake na kuufungua mara kadhaa. Alisimama kwenye kona, akatazama kile kidole kimoja kikielea juu ya dengu huku vingine vikichambua mawe, na hakuweza tena kuvumilia.

"Tirsit, nimekukosea nini? Niambie tu. Hata nitukane."

Mtoto akatupa jiwe moja. Akatupa la pili.

"Yule mtoto anaitwa nani?" akauliza.

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye simu. Mnene."

Wubit akashtuka. Mtoto wa kwenye simu! Kule Beirut alikuwa analea mtoto wa bosi, kitoto kinono. Siku moja dada wa yule mtoto aliwapiga picha ya video, yeye anakilisha kile kitoto, wote wakiviringika kwa kicheko, naye Wubit akaituma nyumbani kwa simu ya jirani. Aliituma kwa nia njema. Alitaka wamwone anacheka, wasidhani anateseka. Baadaye aliambiwa kijiji kizima kiliitazama na kusema, jamani, Wubit kanawiri.

"Jad," akajibu. "Anaitwa Jad."

"Kidole chake kilikuwa kinakula?"

Angeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa pale pale mdomoni, mtamu na rahisi. Lakini macho ya mtoto yalikuwa yamemkaba.

"Kilikuwa kinakula," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Alikuwa hali mpaka achekeshwe. Kama wewe."

"Mpaka kwapani?"

"Mpaka kwapani."

Tirsit akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua na alitaka kuhakikisha tu. Kisha akaacha kuchambua. "Changu ulikiambia kingoje."

"Mimi?"

"Siku ile! Ulikuwa unanilisha. Ukafika kwenye kidole cha nne, anayeoka, gari likapiga honi, ukasema, ngoja, huyu mdogo atakula nikirudi. Ukakimbia. Mimi nikangoja. Mama alitaka kukilisha yeye, nikamkatalia, nikamwambia kinamngoja Wubit. Watoto wananiita Bibi Harusi, eti naringa na kidole, nikawaacha. Halafu ukaja kwenye simu unamlisha mwingine!"

Wubit akashuka chini hapo hapo kwenye vumbi. Sasa aliikumbuka. Honi ya gari la wakala wa kazi, mkono mdogo ndani ya wake, neno lililomtoka ili tu mtoto asilie. Alilisema, akaliacha mlangoni, akaenda zake. Na kumbe mtoto aliliokota akalitunza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Nilisahau, mwanangu," akasema, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Wallahi sikukusahau wewe. Nilisahau kidole tu."

"Kidole si ndio mimi?"

Wubit akanyoosha kiganja.

"Nipe nikilishe sasa hivi," akaomba.

"Sasa hivi hakina njaa." Tirsit akajipangusa pua kwa kifundo cha mkono na kurudi kwenye dengu zake.

Ndipo huko barabarani honi ikalia. Piii! Seid kafika. Na Seid akipiga honi hapigi moja, anapiga kama yuko harusini.

Miguu ya Wubit ikajikaza kuinuka. Ilikuwa imezoea honi, kengele, kelele za bosi. Goti likanyanyuka kutoka chini. Akaliona goti lake mwenyewe, akalikamata kwa mikono miwili, akalirudisha vumbini.

Piiiii!

"Wubit!" Bibi Shitaye akaita kutoka mbele. "Bajaji!"

"Gari linakuita," Tirsit akasema bila kuinua uso.

"Liite."

"Litakuacha."

"Liniache. Lipige mpaka betri ife."

"We dada!" Seid naye akapaza sauti. "Unakuja ama nikalale? Mimi nina abiria wengine, wanaojua saa!"

"Lala!" Wubit akajibu kwa sauti iliyowarusha kuku. Mwili wote ulikuwa unamwasha, kama umekalia siafu. Kazi, chumba, nafasi ya shule, vyote vilikuwa vinapigiwa honi pale nje. Lakini alikaa. Akachota dengu gao moja, akaanza kuchambua mawe.

Wakachambua. Honi ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa uchovu.

Kisha mkono mdogo wenye vumbi la dengu ukaja, ukaushika mkono wa Wubit, ukaugeuza kiganja juu. Tirsit akakamata dole gumba la mama yake na kulitikisa, amekunja uso kama mwalimu.

"Huyu kaenda kisimani," akasema. "Huyu kaleta kuni. Huyu kakanda unga. Huyu kaoka, kaivisha." Akafika kwenye kidole cha mwisho. Akakishika kwa ncha. "Na huyu mdogo, hajala..."

Kwapa la Wubit lilikuwa limeshajikunja lenyewe kwa kungoja mtekenyo. Alikuwa tayari kucheka, kulia, vyote.

"Ngoja," Tirsit akasema. "Huyu atakula tukifika."

Akauachia mkono, akachukua ungo, akaingia ndani.

Bibi Shitaye alikuwa amesimama kwenye kona, mkono mdomoni. Ameona yote. Alifurahi na aliumia kwa wakati mmoja, na hakuficha, alilia waziwazi mbele ya kuku na Seid. "Basi," akasema. "Mkono kautoa. Nenda naye. Na ukimsahau tena hata kwa dakika, nitashuka huko Kombolcha kwa miguu yangu."

Walipoketi kwenye bajaji, bibi akaja mbio na injera iliyobaki, akamega tonge, akamtia Wubit mdomoni. Seid akawasha bajaji.

"Zima!" bibi akamkemea. "Tonge moja ni ugomvi, hujafundishwa kwenu? Unataka niagane na binti yangu kwa ugomvi?" Akamlisha la pili. Akamlisha la tatu, kubwa kuliko mdomo. Akamgeukia Tirsit, naye akalishwa matatu, mchuzi hadi kidevuni. Ndipo Seid akaruhusiwa kuondoka, akinung'unika kwamba yeye hajalishwa hata moja.

Bajaji ikateremka ikirukaruka kwenye mashimo. Wubit alikuwa amekaa na mkono wa kulia pajani, kidole cha mwisho amekisimamisha juu. Hakujua kama anaruhusiwa kukikunja.

"Tumefika?" akauliza walipopita kanisa.

"Bado."

Walipopita kinu cha kusaga akauliza tena.

"Wubit, tulia!" Tirsit akasema, kwa sauti ile ile ya bibi yake. Seid akacheka mpaka bajaji ikayumba.

Akatulia kidogo. Kidole kilikuwa kimeanza kuuma, na safari yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Akakitazama chake, akakitazama cha binti yake, nacho kimesimama pembeni ya vingine vinne.

"Tirsit. Miaka yote hiyo. Uliwezaje kukizuia?"

Tirsit akafikiri, macho yakiwa nje kwenye mashamba ya mtama.

"Nilikuwa nakidanganya," akasema. "Kila siku nakiambia unakuja kesho."

Honi ikalia, mbuzi wakapisha njia. Wubit hakuuliza tena kama wamefika. Alibaki amekaa.