Gari Lililojua Kuogelea

Kwa watu wa pwani ya Kilwa, mtoto wa mjomba si ndugu wa kunyenyekewa. Ni mtani. Unamtukana asubuhi, unamnyang'anya chapati mchana, na siku akifiwa unachekesha watu msibani kwake bila mtu yeyote kuthubutu kukunyamazisha. Ndivyo walivyokuwa Maftaha wa Somanga na Tawakali wa Nangurukuru. Baba yake Tawakali na Bi Somoe, mama yake Maftaha, walinyonya ziwa moja. Tawakali alimzidi Maftaha umri, lakini shikamoo yake hakuwahi kuionja. Akifika uani, Maftaha alimpokea kwa kelele: "Pua Kandambili huyo, ficheni vyungu!" Naye alijibu, "Nyamaza wewe Kisamvu, nani atakuoa na mdomo huo?" Kisha walikaa sahani moja wakala.

Alipokufa baba yake Tawakali, Maftaha ndiye aliyejilaza kizingitini akazuia jeneza lisitoke mpaka watani walipwe chao. Alimwita marehemu bahili, akasema hata kufa amekufa kwa mkopo. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Baadaye Tawakali alimshika mkono akamwambia kwamba bila yeye siku ile angepasuka kifua. Maftaha hakuyasahau maneno hayo, na ndiyo yaliyomponza.

Maftaha alikuwa dereva. Aliendesha pikapu ya tajiri mmoja wa samaki, Somanga mpaka Kilwa Masoko, na harufu ya mzigo ilimkaa kwenye nywele hata siku ya Idi. Moyo wake ulikuwa kwenye magari mengine kabisa. Tangu utotoni, akiuza korosho za kukaanga kando ya barabara kuu, aliyaona yakipita: yameshushwa mpaka yanataka kulamba lami, tairi pana, egzosi inanguruma hadi wazee wanapoteza hesabu ya tasbihi. Wenzake walitazama waliomo ndani. Yeye alitazama gari. Alitaka lake moja la spoti, kuukuu hata, alinunue kwa bei ya mnyonge kisha alipambe alivyotaka mwenyewe. Wala hakuwa anaota mchana. Harusi za Kilwa na Lindi siku hizi hazinogi bila gari la namna hiyo mbele ya msafara, na wenye nalo ni wachache. Lingemlisha, na lingemtoa kwenye samaki.

Fedha alitoa Bi Somoe. Mama yule hakuwa na kitu duniani ila mikorosho yake, akaikodisha misimu mitatu kwa mtu wa Kinjumbi ili bintiye apate gari. Majirani walimwona amerukwa na akili.

"Na mambo yakienda mrama, mama?" Maftaha alimuuliza.

"Nitaokota korosho kwa kibarua kwenye shamba langu mwenyewe," Bi Somoe alijibu, akacheka. Maftaha hakucheka.

Sasa, gari lipi? Hapo alihitajika mjuzi, na mjuzi alikuwa wa nyumbani. Tawakali alikuwa fundi magari, na watu walimletea injini kutoka mbali ili azisikilize tu. Jioni nyingi walichungulia simu moja wakibishana. Mark Two waliikataa, nzito, gari la mabosi wastaafu. Subaru waliikataa, kwa kuwa, alisema Tawakali, ilikunywa mafuta kuliko ukoo wa kina Maftaha unavyokunywa chai. Yakabaki mawili: Altezza iliyokuwa Lindi mjini na Celica iliyokuwa palepale Nangurukuru.

Altezza ilikuwa ya Benjamini, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mpole asiyejua kusifu mali yake. Rangi ilikuwa imechujuka, taa moja ina ufa, viti vimechanika. Lakini ilikuwa ya gia za mkono, na Benjamini alipoiwasha, Maftaha alihisi kitu kikimtambaa mgongoni. Akageuka kumtazama Tawakali. Tawakali alikuwa ameinama, kiganja juu ya injini kama anayempima mtoto homa, macho ameyafumba. Waliizungusha mpaka Mitwero na kurudi. Maftaha alizikabidhi funguo shingo upande.

Njiani kurudi nyumbani Tawakali hakutania hata mara moja.

"Maftaha," alisema, na jina hilo kinywani mwake lilikuwa geni. "Sasa nasema kama fundi, siyo mtani. Gia boksi ya lile gari imekwisha. Utaliendesha miezi miwili, lilale. Usinunue."

Maftaha aliamini. Nani asingeamini? Mtani akikuita kwa jina lako ulilopewa na wazazi, ujue anasema kweli. Hata watoto wa Somanga wanajua hivyo. Aliumia, lakini Altezza akaitoa moyoni.

Celica walikwenda kuiona wakiwa na Mzee Iddi, mdogo wake Bi Somoe, aliyechukuliwa kuwa shahidi wa mauziano na aliyekubali kwa sababu alisikia kuna pilau. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, jekundu, limeng'arishwa mpaka unajiona meno. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Dar. Tawakali alilizunguka, akalipiga kofi la matako, akapaza sauti wote wasikie.

"Kisamvu, chukua hili! Hili lilishaogelea Matandu mto ulipofurika, tope lilifika mpaka kwenye redio. Siku ukichoka na barabara, unalitia baharini, unakwenda nalo Songo Mnara bila boti!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenye gari alicheka kuwashinda wote.

"Basi lingekufaa wewe, Pua Kandambili," Maftaha alijibu papo hapo, "maana hujaoga tangu mafuriko yale!"

Mzee Iddi ilibidi ashike ukuta. Katika kicheko hicho mkono ukatolewa, fedha zikabadili mikono, na gari likawa la Maftaha.

Miezi ya mwanzo aliishi kama bibi harusi mwenyewe. Alilishusha springi, akalivika rimu nyeusi, akabadilisha egzosi, na vioo akavitia giza kidogo tu, asije akagombana na trafiki. Bi Somoe alipandishwa mbele akapelekwa Masoko na kurudishwa, mtandio umemtoka kichwani kwa kucheka. Zikaja harusi mbili. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa ameshika usukani?

Mvua za kwanza zikaleta harufu. Mara ya kwanza Maftaha alidhani ni samaki wake wa zamani wanamfuata. Kisha taa zikaanza kuwaka zenyewe. Kisha siku ya harusi ya tatu, msafara umekwisha kujipanga barabarani, bi harusi ndani na vigelegele nje, gari likazima. Halikukohoa hata. Bi harusi alihamishiwa kwenye Noah ya wapishi, akakaa na masufuria, na simu za watu wote zilikuwa zimenyanyuliwa zikirekodi.

Tawakali alipopigiwa, simu haikupokelewa. Gari likavutwa mpaka Masoko kwa Leonadi, fundi umeme wa magari. Leonadi alifungua dashibodi, akang'oa zulia la sakafuni, akasimama. Chini yake tope lilikuwa limekauka na kupasuka kama kiwanja cha kiangazi. Nyaya zilikuwa za kijani kwa kutu. Nyuma ya redio alitoa kombe la konokono wa mtoni, akaliweka kwenye kiganja cha Maftaha.

"Dada, hili gari limezama," alisema. "Hukuambiwa?"

Maftaha alilifumbata lile kombe. Aliambiwa. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba aliambiwa, kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Alipanda bodaboda mpaka Nangurukuru, kombe limo mfukoni. Kabla hajafika kwenye gereji ya Tawakali, alisikia injini inaunguruma, na kile kitu kikamtambaa tena mgongoni. Aliijua sauti ile. Altezza ilikuwa chini ya turubai nusu, imepakwa rangi mpya ya fedha, viti vipya, na Tawakali alikuwa amekaa ndani yake amefumba macho, anaisikiliza.

Maftaha hakumsogelea. Alirudi nyuma ya kibanda, akampigia Benjamini. Ndiyo, alisema Benjamini, nilimuuzia yule fundi wako, wiki ileile mliyokuja. Gia boksi? Gia boksi ina nini? Maftaha alikata simu, akalia palepale, mbele ya muuza vocha, bila kujali. Hakulilia gari. Alililia lile jina lake, Maftaha, alivyoitwa njiani siku ile kwa upole. Uongo aliletewa kwa uso wa kazi, na ukweli akarushiwa kwa uso wa mzaha. Mtu wa mbali asingeweza kumtenda hivyo. Asingejua pa kushika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa baada ya sala ndugu wote wakaitwa kwenye mkeka wa Bi Somoe. Maftaha aliweka kombe katikati, akasema yote: mafuriko, cha juu alicholipwa Tawakali na yule wa Dar, ambaye alipopigiwa simu hakukana, na Altezza aliyoinunua Tawakali kwa kuongezea hicho. Tawakali alisikiliza, akakuna kidevu.

"Shangazi," alimwambia Bi Somoe, "mimi nimeficha nini? Nilisema mbele ya watu. Nilisema limeogelea Matandu. Nilisema tope limefika kwenye redio. Kisamvu mwenyewe akacheka. Baba mdogo Iddi, uongo?"

Wote wakamgeukia Mzee Iddi.

"Kusema alisema," alikiri Mzee Iddi. "Na mimi nilicheka." Na hapo, akikumbuka maneno ya kuoga, mabega yakaanza kumtikisika tena. Mmoja akamfuata, na mwingine, mpaka mkeka mzima ukacheka. "Ah, mtani hashitakiwi, mwanangu. Yameisha hayo."

Yakaisha. Kwa wao yakaisha. Ukimtoa Maftaha, Bi Somoe peke yake hakucheka. Aliliokota lile kombe, akaliangalia, akaingia ndani.

Msimu wa korosho ukafika. Celica ilikuwa uani imelala juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na Maftaha alikuwa amerudi kwenye samaki. Siku zisizo na mzigo aliokota korosho pamoja na mama yake, kwa kibarua cha yule mtu wa Kinjumbi, chini ya mikorosho aliyoipanda bibi yake. Bi Somoe aliinama, akaokota, akaminya tunda la bibo, akatia korosho kwenye ndoo, na hakulalamika. Hilo lilimuuma Maftaha kuliko matusi yote.

Tawakali alikuja huko shambani na Altezza yake, akaiacha barabarani ikiwa bado inanguruma. Alisimama mbele ya vibarua wote, akatanua mikono.

"Kisamvu! Unaiba korosho za watu mchana kweupe?"

Vibarua wakanyanyua vichwa, tayari kucheka, wakisubiri pua itajwe. Maftaha alisimama. Alifuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo kama anavyopigiwa mgeni mkubwa.

"Shikamoo, kaka Tawakali."

Tawakali alitabasamu, akingoja sehemu iliyobaki. Haikuwepo. Tabasamu lilimkaa usoni mpaka likawa halina kazi.

"Kisamvu, acha mchezo."

"Karibu, kaka. Hapa hatuna kiti, utusamehe. Maji ya kunywa yapo."

Aliyachota, akayapeleka kwa mikono miwili. Tawakali aliyapokea, hakuyanywa. Alimtazama shangazi yake, naye Bi Somoe alikuwa ameinama, anaokota.

"Nitukane basi, Maftaha," alisema kwa sauti ya chini, na safari hii jina lilitoka kweli. "Nitukane tu. Siku yangu ikifika, nani atazuia jeneza langu?"

"Halitazuiwa, kaka," Maftaha alimjibu kwa adabu. "Litapita tu."

Akaichukua ndoo yake, akaenda kwenye mkorosho mwingine.