Mwalimu Alivyousahihisha Ujumbe wa Mkewe

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kuona maandishi asiyasahihishe. Risiti za duka alizipitishia kalamu nyekundu, na hata matangazo ya vifo, Mungu amsamehe.

Mkewe, fundi cherehani, alishamwomba hadi akachoka aondoe marundo ya madaftari sebuleni, ili cherehani itoke koridoni kwenye giza linalommaliza macho. Mwalimu alijibu "Nitaona," halafu haoni kitu.

Mchana mmoja akiwa ofisini na wenzake, simu ikalia. Mkewe alikuwa ameandika kwa Kiingereza, maana ndicho pekee ambacho mumewe hukisoma hadi mwisho: *You should of listened to me*, yaani ulipaswa kunisikiliza; nimechoka, nimekwenda kwa dada.

"*Should of!*" Mwalimu akafoka. "Mke wangu mwenyewe!" Akajibu papo hapo kwamba baada ya *should* huja *have*; *of* ni udanganyifu wa masikio. Akampa sita juu ya kumi na kumwandikia ajitahidi.

Mwalimu wa hesabu akachungulia simu ile. "Kwa hiyo shemeji kaondoka?"

"Kaondoka nani?"

"Mkeo, bwana! Si kaandika hapo?"

Mwalimu akausoma ujumbe upya, safari hii kama mume. Akatoka mbio. Alipofika nyumbani, koridoni palibaki vipande vya uzi tu.

Jioni akabisha hodi kwa shemeji yake, dada wa mkewe. Mkewe alikuwa anashona karibu na dirisha, wala hakuinua kichwa. Mwalimu akatoa simu na kumwandikia palepale: *I should have listened to you.*

Mkewe akasoma taratibu. "Kiingereza hakina kosa. Haya, niambie kwa Kiswahili."

Shemeji akavuta kiti, akakaa atazame vizuri.

"Ilibidi... yaani, ingefaa mtu..."

"Mtu gani?"

Mwalimu jasho likamtoka. Darasani sentensi hiyo aliifundisha akitafuna karanga.

"Mimi," akasema. "Nilipaswa kukusikiliza, mke wangu, na sikukusikiliza. Nisamehe."

Mkewe akaweka mkasi chini. Alimpenda mzee huyu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kesho chukua cherehani uende nayo," akasema. "Ikipata nafasi dirishani pale sebuleni, na mimi nitakuja."