Mji Aliopewa Mwalimu Jecha

Hafidh alipofariki, daftari lake la vitendawili lilizunguka Mtambile yote, likisomwa na kuliliwa. Siku ya arubaini lilirudi kwa dadake, Nahla, pungufu ya ukurasa wa mwisho. Kila aliyeulizwa aliapa hakuugusa. Mwalimu Jecha aliapa mara tatu kabla hajaulizwa.

Mwalimu Jecha ndiye katibu wa Kombe la Marehemu Hafidh, mashindano ya vitendawili ya kumkumbuka. Kwenye bango, picha ya katibu ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu. Kitendawili cha fainali alikitunga mwenyewe, kwa uchungu, ndivyo alivyosema.

Nahla hakufuata kombe. Alitaka ukurasa wake, mwandiko wa mwisho wa kaka yake. Hata hivyo alishinda mpaka akabaki peke yake jukwaani.

"Kitendawili!" akaita Jecha kwenye kipaza sauti.

"Tega!"

"Babu akikohoa, nyumba nzima hukimbilia ndoo."

Nahla alishtuka. Babu ni mfereji wao wa uani, bomba linalokohoa upepo kabla ya kutoa maji. Jina hilo alilipachika Hafidh, na nje ya nyumba yao halijui mtu. Kumbe mwizi ndiye huyu mwenye kipaza sauti!

Akijibu, kombe ni lake, na ukurasa utabaki mfukoni mwa mtu. Akakumbuka kwamba Hafidh hakuwa akiandika majibu kamwe, aliogopa kuibiwa.

"Nimeshindwa, mwalimu. Nakupa mji. Chukua Micheweni."

Jecha akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Anayepewa mji huutembelea, huusifu, halafu lazima atoe jibu.

"Nimefika Micheweni," akaanza. "Nimepokewa kwa heshima. Nimekula pweza. Nikapelekwa kuona mwani..."

"Jibu!" akapaza Bi Ummkulthum kutoka upande wa wanawake.

"Nikalala. Asubuhi nikanywa uji..."

"Mwalimu, unahamia huko? Toa jibu, bwana!"

"Jibu litatolewa na kamati, kwa barua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jasho likimtiririka, Jecha akachomoa karatasi mfukoni mwa kanzu, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta. Wino wa kijani, herufi za Hafidh zilizolala upande.

Nahla akaichukua taratibu.

"Humo hamna jibu, mwalimu. Liko kwetu uani."

Kombe lilibaki kwa kamati, nayo ikajipongeza. Asubuhi babu akakohoa. Nahla akatoka mbio na ndoo yake. Mama akatoka na mbili, yake na ya Hafidh.