Mama Mkwe Chini ya Blanketi

Nesi Hester alipofika kwetu nilimfanya binti yangu siku ya tatu, maana mgeni asiye na ukoo hatujui hata tumkalishe upande gani wa moto. Binti niliyemzaa anaishi mjini, nami mjane nilitaka mtu wa kunywa naye chai. Nikaomba, nikatangaza kanisani. Wote wakaitika amina isipokuwa Selwyn, fundi wa magari, aliyechukua kofia yake akatoka.

Selwyn amemuoa Janelle, mtoto wa yule binti yangu wa mjini, na kwetu dada wa mama ni mama pia. Kwa hiyo Hester, kwa kuwa binti yangu, akawa mama mkwe wake, na kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wala hasemi naye. Nilikuwa nimefikiria chai, sikufikiria fundi. Na fundi tunaye mmoja tu.

Tangu siku hiyo mashine za zahanati zilitengenezwa Hester akiwa bafuni. Siku moja Hester aliingia chumba cha dawa bila kubisha hodi, Selwyn akatoka kwa kuruka dirishani na bisibisi mdomoni. Hester akadhani anachukiwa.

Kila Jumamosi Hester alikuwa akitupeleka porini kuwinda kenge kwa gari la zahanati. Ukiacha gari la kazi la Selwyn, magari yetu mengine yalishakuwa nyumba za mbwa, kwa hiyo bila yeye hatufiki popote. Lakini meneja wa mjini alikuwa amemwandikia: saa kumi jioni awe amerudi kupokea kutoka kwa Nesi Trevor ile simu ya zamu, ya kuitiwa wagonjwa. Akichelewa tena, gari halitoki Jumamosi yoyote. Alikuwa ameshachelewa mara mbili, zote kwa sababu ya kenge.

Jumamosi hiyo tulikwenda na wifi yangu Daphne na mbwa wake, Sajini. Tukapata kenge watatu wanene. Saa saba, wakati wa kurudi, gari likazama kwenye mchanga wa mto mkavu, injini ikazima, ikakataa kabisa kuwaka.

Daphne akawasha nyasi.

"Moshi huo utamleta nani?" Hester akauliza.

"Mwenye kamba," nikasema.

"Nani ana kamba?"

Daphne akaanza kumtafuta Sajini kupe.

Selwyn alikuja mbio na gari lake, akashuka, akaona nywele nyekundu za Hester, akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya kichaka.

"Njoo utuvute, mwanaume," Daphne akamwita. "Umeona mama mkwe au umeona simba wa sarakasi?"

"Sijaona mtu," sauti ikasema kichakani. "Sajini, mwambie Bibi hapo kuna mtu ambaye sijamwona."

Hester akanigeukia. "Mama, kwa hiyo ndiyo maana anatoka kwa kuruka dirishani?"

"Ndiyo, mwanangu. Anakuheshimu sana."

"Basi nifute ubinti kwa nusu saa tu. Halafu unirudishe."

"Mtoto hafutwi," nikamwambia. "Na ukichelewa, tutakuwa mama na binti wa kukaa barazani maisha yetu yote. Lala chini."

Akalala sakafuni mwa gari, pale mbele miguu inapokaa. Nikamfunika blanketi la Sajini, nikakaa kwenye usukani. Sijawahi kuendesha, ila niliketi kando ya mume wangu miaka thelathini na tisa nikimwonyesha makosa yake. Goti langu halikunjiki vizuri, kwa hiyo breki ilibidi iwe ya Hester, kwa mkono. Tukakubaliana: nikimgusa bega kwa kidole cha mguu abonyeze, nikimgusa mara mbili aachie.

Selwyn akafunga kamba amefumba macho, akafunika vioo vya pembeni vya gari lake kwa soksi, moja kila upande, akavuta. Tukatoka mchangani kama jino.

"Bibi, kata kushoto!" akapiga kelele. "Sajini, mwambie na yule wa breki asifunge breki kila kichaka!"

"Mwambie Mama kanigusa kwa kisigino!" blanketi likajibu.

"Sajini, mimi sijasikia kitu."

Kilomita ishirini na mbili hivyo. Nilisali zaburi zote ninazozijua, na kenge mmoja, ambaye Daphne alisema amekufa, akahamia mgongoni kwa Hester. Yeye hakuondoa mkono kwenye breki. Hapo nilijua nilichagua vizuri.

Tulifika zahanati saa kumi kasoro dakika mbili. Trevor alikuwa amesimama mlangoni na simu na daftari. Ni mtu wa kufuata saa. Angeandika ukweli wowote. Selwyn alikuwa hajaweza kufungua kamba, mchanga ulikuwa umekaza fundo, kwa hiyo aligeukia ukuta na kusoma tangazo la kunawa mikono.

Trevor akaangalia usukani. "Mama Winifred. Nesi Hester yuko wapi?"

"Yupo," likasema blanketi.

"Atoke apokee simu."

"Hatoki," nikasema. "Mkwewe yuko hapa."

Trevor ameishi kwetu miaka kumi na moja. Alimtazama Selwyn, akatazama saa yake, akachuchumaa kwenye mlango wa gari.

"Mgonjwa mmoja, kaumwa na mbwa," akaliambia blanketi. "Amefungwa kidonda, kesho arudi. Saini hapa."

Mkono ukatoka na mchanga wake, ukatia saini, ukachukua simu. Trevor akaandika saa kumi kamili. Akafikiria kidogo, akaandika pia kwamba nesi alikuwepo mwenyewe.

"Haya, mwanaume, nenda zako," Daphne akamwambia Selwyn.

Selwyn akaingia garini mwake huku ameangalia pembeni, akaondoka kwa adabu zote. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwetu, tukaenda naye.

"Jumamosi ijayo twende kaskazini," blanketi likasema tulipopita kanisa. "Mchanga ni mgumu huko."