Injini Aliyoifunga Shemeji

Watu wengi hudhani ndege ndogo ikizimika injini huanguka kama jiwe. Haianguki. Huteleza hewani ikishuka polepole, na rubani hupata muda mfupi wa kuchagua pa kuiweka. Yake ilipozimika, rubani Mwewe alichagua shamba la maharagwe lililokwisha vunwa. Siku hiyo alikuwa amebeba makasha ya chanjo na abiria mmoja, nesi aliyesali kwa sauti tangu juu mpaka chini. Nesi alitoka bila mkwaruzo, na chanjo zilitoka salama. Mwewe ndiye aliyevunjika mguu, kwa sababu ya mtaro mmoja uliofunikwa na majani, ambao kutoka angani hauonekani.

Mwewe lilikuwa jina la utani alilopewa chuoni kwa ukali wa macho yake, na lilimganda hivi kwamba hata mama yake mzazi alilizoea.

Mguu ulichukua msimu mzima wa mvua kupona. Siku alipopanda ngazi za nyumba ya mama bila kushika ukuta, mama alifuta machozi kwa pindo la kanga, kisha papo hapo akaanza somo: mguu Mungu amekurudishia, mwanangu, basi sasa tulia chini kama binadamu wengine. Kampuni nayo ilikuwa imemwekea meza ya kupima mizigo. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye kiti na feni. Mwewe aliichukia kama mtoto anavyochukia dawa chungu. Kila ndege iliporuka, kalamu yake ilisimama hewani mpaka mlio upotee.

Ili arudi kazini ilimpasa kuruka na Mwalimu, mzee aliyewafundisha nusu ya marubani wa kiwanja kile na ambaye maneno yake yalikuwa machache kama meno ya mtoto mchanga. Zoezi lenyewe lilijulikana. Mkiwa juu, Mwalimu huvuta ghafla kishikio cha nguvu ya injini, propela ikabaki inazunguka kivivu tu, kana kwamba injini imekufa. Mwanafunzi huchagua mahali, huteleza kupaelekea, na mkikaribia ardhi Mwalimu husema, "Panda." Hapo mwanafunzi husukuma kishikio mbele, injini ikaamka, mkaondoka.

Mwewe aliteleza vizuri ajabu. Alisoma upepo kwenye nyasi, akailekeza ndege kwenye malisho tambarare kama meza.

"Panda," alisema Mwalimu.

Mkono wa Mwewe ulikuwa juu ya kishikio, na haukwenda popote. Akilini mwake injini ile ilikwisha kufa, na maiti haiitwi ikaitika. Akaendelea kushuka. Mwalimu alisema tena, kisha akasukuma mwenyewe, magurudumu yakiwa karibu kufagia nyasi.

Chini, Mwalimu alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Kushuka unajua kuliko wengi niliowafundisha," alisema. "Lakini rubani anayejua kushuka tu ni jiwe lenye leseni. Tutaruka tena Ijumaa. Ukishindwa, sitakudanganya wala sitajidanganya."

Maana yake ilikuwa ile meza, maisha yote.

Alhamisi jioni Mwewe alikwenda kwenye hanga, lile banda la ndege. Fundi aliyekuwa humo alikuwa Spana, mdogo wa mumewe, ambaye zamani hakupitisha siku bila kumtania. Tangu ajali hakuwa amemtazama usoni. Yeye ndiye aliyeifunga ile injini ya kwanza, iliyozimika angani. Wakaguzi walikwisha kusema hadharani kwamba silinda ilipasuka kwa ndani, mahali ambapo tochi haifiki, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Lakini maneno ya wakaguzi hayakumtosha Spana. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: fundi aliyefunga injini ndiye hupanda ndege inaporuka nayo mara ya kwanza. Spana peke yake ndiye hakuwahi kupanda. Alikuwa mwoga wa kimo mpaka ngazi fupi aliishika kwa mikono miwili, na wenzake walimpandia kwa malipo ya soda, wakimcheka. Baada ya ajali kicheko kilikwisha. Injini mpya, ya ndege ya zoezi, aliifunga yeye pia, na safari hiyo pia alipanda mwingine.

Mwewe alikalia tairi kuukuu, akamwomba amwonyeshe ile injini mpya. Spana akafunua kifuniko cha injini. Akaonyesha mipira ya mafuta, nyaya, nati moja baada ya nyingine na waya unaoizuia isilegee, na alivyoendelea kueleza ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu.

"Shemeji," alisema Mwewe, "kesho panda nami."

"Shemeji, mimi hata kitanda cha juu kinanipa kizunguzungu."

"Najua."

"Wewe huiamini injini, mimi siiamini hewa. Huyo Mwalimu umemfikiria lakini?"

Wakacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Kisha Spana akabaki anafuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikwisha takata.

"Ile ya kwanza sikupanda," alisema. "Labda ningesikia kitu."

"Usingesikia. Ilipasuka baadaye sana."

"Najua. Lakini ningekuwa nimepanda."

Hakusema kama atakuja. Ijumaa asubuhi walimkuta amekwisha kukaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda, mfuko wa kutapikia mkononi, macho ameyafumba na ndege haijawashwa. Mwalimu alimtazama, akamtazama Mwewe, akapanda.

Waliruka. Mji ukawa mabati na barabara nyembamba, mashamba yakajipanga kama vitambaa vya fundi cherehani. Mwalimu akavuta kishikio. Mlio ukafifia, upepo ukabaki unapiga mluzi kwenye mabawa. Mwewe hakusita. Alichagua malisho, akageuza, akateleza. Nyasi zikaanza kuonekana moja moja.

"Panda."

Mkono ukaganda.

Nyuma yake sauti ikatoka, nyembamba lakini tulivu. "Shemeji. Hii nimeifunga mimi. Na mimi nimo."

Mwewe hakugeuka. Aliziona zile nati na zile nyaya, na mikono ya mtu aliyeogopa kuliko yeye na bado akaja. Akasukuma kishikio mpaka mwisho. Injini ikaitika kwa ngurumo moja nzito, pua ikainuka, na ardhi ikawaachia. Nyuma kulisikika mtu anatapika kwa adabu, ndani ya mfuko.

Walipotua Mwalimu hakuzima injini. Alifungua mlango wake, akamsaidia Spana kushuka, akamwacha amelala kifudifudi kwenye nyasi, akiipapasa ardhi kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akamkuta mama yake. Kisha akainama dirishani.

"Sasa nenda peke yako," alisema.

Ndege, ilipopungua watu wawili, ilipaa kama iliyokuwa ikingoja. Mwewe akafika juu ya mashamba, juu ya hofu zote za mama, juu ya meza na feni yake. Hakukuwa na wa kumwamuru. Akashika kishikio, akakivuta mwenyewe.

Kimya. Akauacha upepo upige mluzi. Akahesabu malisho matatu ambako angeweza kutua, akachagua moja, akaanza kuteleza kulielekea, na akagundua kwamba anatabasamu. Kisha, bila kusubiri sauti ya mtu yeyote, akasukuma.

Redio ikakoroma. Mwongozaji wa ndege mnarani alikuwa ameiona ikishuka, akauliza kwa wasiwasi kama kuna tatizo.

"Hakuna tatizo," alijibu Mwewe. "Naomba ruhusa ya kupanda zaidi."