Kadi ya Earline

Hapa Biloxi, kwenye kaunta ya wanachama wa kasino, watu wananipenda kwa sababu ya kipande cha plastiki. Nampa mtu kadi, anaichomeka kwenye mashine ya kamari, mashine inahesabu anavyocheza, na kadri pointi zinavyopanda kadi inabadilika rangi. Ya kijani inakupa kahawa. Ya fedha inakupa chakula, na chumba siku za katikati ya wiki. Nyeusi inakupa foleni yako peke yako, ambapo unasimama ukiwatazama wenzako kama vile wao wamezaliwa na wewe umeshushwa.

Halafu kuna meli. Hoteli yetu na kampuni moja ya meli za starehe zinazong'oa nanga New Orleans zina undugu wa nipe nikupe. Ukiwa na kadi nyeusi kwetu, wao wanakupa safari ya bure ya watu wawili kila mwaka, chumba chenye roshani, ukae na kahawa yako uitazame Ghuba ya Meksiko. Ukiwa mtu mzito kwao, sisi tunakulaza bure ukishuka melini. Mkono mtupu haulambwi, na wenye mahoteli wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Sina ugomvi nao. Kaunta hii imenisomeshea watoto wawili. Ugomvi wangu ni na kanuni moja tu.

Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, Bi Earline Necaise alisimama mbele yangu. Sikuwa nimemwona tangu Novemba, tulipomzika mumewe, Bwana Hollis. Alivaa koti la kazi la marehemu, lile la kiwanda cha kuunda meli cha Pascagoula, mikono ameikunja mara mbili. Shingoni alining'iniza kadi nyeusi kwa ule uzi wa kujikunja ambao wachezaji wetu huufunga ili wasisahau kadi kwenye mashine.

"Bi Lorraine," alisema, "usinitazame hivyo. Sijaja kulia. Kulia nalia nyumbani, bure."

"Sijakutazama vyovyote, mama. Umepungua tu."

"Nimepungua wapi? Ni koti kubwa."

Mwenzangu Tuyet akamsogezea kipande cha keki ya sikukuu ya Mardi Gras, ile inayofichwa kimwanasesere ndani. "Kula, Bi Earline. Ukimkuta mtoto wa plastiki ndani, mwaka kesho keki unanunua wewe."

"Mwanangu, mwaka kesho muulize Mungu," alisema, lakini alikula.

Kisha akatoa barua mfukoni na kuilaza juu ya kaunta. Niliijua hata kabla sijaisoma, maana hutumwa kila Januari. Mpendwa Hollis, kadi yako nyeusi imekupatia safari ya siku tano, chumba chenye roshani. Chini yake orodha ya tarehe, na moja ya Machi ilikuwa imezungushiwa duara la kalamu.

"Duara hilo alilichora kabla hajaanguka," alisema. "Kwenye orodha ya mwaka jana, mimi nikalihamisha. Miaka ishirini barua inakuja, miaka ishirini anasema, Earline, nimekaa miaka thelathini na minane tumboni mwa meli nikichomelea vyuma, nikalale humo tena kwa hiari? Halafu ghafla, Machi iliyopita, akasema mwakani tunakwenda. Akaahidi. Na ahadi ni deni, Bi Lorraine. Yeye hayupo, basi nitaitimiza mimi. Niandikie."

Sasa nieleze kanuni yenyewe. Kadi hufa na mwenyewe. Mtu akifa, tukijua, pointi zake zinafutwa, rangi yake inafutwa, na kampuni ya meli inajulishwa kwamba fulani hayupo tena. Ya Hollis ilikuwa bado hai kwa sababu sikuwa nimewaarifu wakubwa. Mjane harithi kitu. Anaweza kurithi nyumba, bunduki, deni na mbwa, lakini kadi nyeusi harithi.

Na hapa kwetu karibu kila mke na mume wanacheza kwa jina moja. Wanakuja wawili, wanaomba kadi mbili za jina la mume, kila mmoja anakaa na mashine yake, na pointi zote zinamwagikia kapu moja ili rangi ipande upesi. Bi Earline alicheza hivyo miaka ishirini na saba. Kila alipochomeka kadi, kioo cha mashine kilimwandikia: Karibu, Hollis. Alizoea hata akawa anaitika.

Nilimweleza kanuni kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiikunja pembe ya barua.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nacheza mimi, na mchezaji alikuwa yeye."

"Kwa vitabu vyao, ndiyo."

"Na mimi ni nani?"

Swali hilo liliniingia. Lakini nilikuwa na siri ya mwaka mzima, na nilidhani wakati wake umefika. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaona nitakuwa mtu wa kuleta habari njema.

"Bi Earline, nipe kitambulisho chako wewe."

Machi iliyopita, siku chache tu baada ya kutoka kwa daktari, Bwana Hollis alikuja kaunta peke yake. Aliniuliza mtu akifa kadi yake inakuwaje. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama mkewe bado ana akaunti yake ya zamani, ile aliyofungua mara moja tu ili apewe mwavuli wa zawadi. Ilikuwepo. Akasema, nichapishie kadi yake, Bi Lorraine, na mdomo wako ufunge. Kanuni haikuniruhusu kumchapishia mtu kadi ya mwingine. Nikamchapishia, na mdomo nikaufunga. Tangu siku hiyo niliamini kwamba Hollis anacheza kwa kadi ya mkewe, mashine inamjazia Earline kapu lake, na kwamba mwisho wa mwaka atakuwa mwanamke mwenye kadi nyeusi kwa jina alilopewa na mama yake.

Hayo yote nilimwambia. Nikafungua akaunti.

Ilikuwa ya fedha. Nyeusi ilikuwa mbali, na mwaka wa pointi ulishafungwa Desemba. Kadi ya fedha, kwa watu wa meli, inapata safari pia, ila katika chumba cha ndani, kisicho na dirisha.

"Haiwezekani," nilisema. "Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa mpaka Oktoba." Nikafungua kumbukumbu za siku, maana mashine zetu haziachi kitu, kadi ikiingia na ikitoka zinaandika. Nikasoma kwa sauti kama mjinga. "Saa nne na dakika tano, kadi ya Earline imeingia. Saa nne na dakika thelathini, imetoka. Saa nne na dakika thelathini na moja, mashine hiyo hiyo, kadi ya Hollis imeingia. Ijumaa, vilevile. Jumanne, vilevile." Niliinua macho. "Nani alikuwa anaitoa?"

Bi Earline alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema.

Tuyet aliacha kukata keki.

"Alikuwa anakwenda chooni mara kwa mara, zile dawa. Nikapita kwenye mashine yake, nikaona jina langu kwenye kioo. Nikasema, masikini Hollis, kichwa kimeanza kumtoka, hajui hata kadi ipi ni ipi. Sikutaka kumwaibisha. Nikaitoa, nikachomeka yake, yangu nikamrudishia mfukoni mwa koti aliloacha kitini. Kila mara. Nilijiona mke mwema. Akirudi, anaona jina lake. Hakuniuliza hata siku moja. Labda naye alidhani ni kichwa chake."

"Kwa nini hakukuambia?" Tuyet aliuliza.

"Angenianzia wapi, mwanangu? Angesema nakuachia kadi, ningeuliza unakwenda wapi."

Mimi nililia. Yeye hakulia, alikuwa amesema analilia nyumbani. Nilimwomba radhi kwa kufunga mdomo, maana neno langu moja mwezi wa Aprili lingetosha. Alinipiga mkono kidogo, kama mtu anayepukuta unga.

"Wewe, mimi na Hollis, wote watatu tulifunga midomo," alisema. "Hebu niambie hicho chumba cha ndani kikoje."

"Kitanda, choo na taa. Huoni bahari. Ni cha watu wawili. Ungeweza kwenda na dada yako."

"Dada yangu anaongea mpaka usingizini. Nitakwenda peke yangu. Mume wangu alikaa tumboni mwa meli miaka thelathini na minane bila dirisha, mimi siku tano zitanishinda? Nikitaka kuona maji nitapanda juu na kuyaona kama watu wengine." Akaisogeza ile barua yenye duara la kalamu mbele yangu. "Tarehe ni hiyo hiyo. Andika."

Nikaandika. Earline Necaise, abiria mmoja, chumba cha ndani. Nikamwambia sasa inabidi niikate kadi ya Hollis, na kwamba siku ya kufanya hivyo naweza kuchagua mimi. Akaivua shingoni, akaiangalia, akaitia mfukoni mwa koti.

"Hii hamkati. Futeni huko kwenye mitambo yenu. Plastiki ni yangu."

Nilimchapishia yake, ya fedha, nikaifunga kwenye uzi mpya. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mashine ya Hollis, ya tatu kutoka mlango wa mkahawa, akakaa kwenye kiti chake. Nilitoka nyuma ya kaunta nikamfuata, kazi ikanisubiri.

Alichomeka kadi. Kioo kikawaka: Karibu, Earline.

Hakubonyeza kitu. Alikaa akikitazama kwa muda mrefu hata mashine ikaanza kuimba yenyewe ili kumkumbusha kucheza.

"Bi Lorraine," aliniita bila kugeuka. "Mimi miaka yote nilikuwa naletewa jina lake. Kumbe yeye mwaka wake wa mwisho alikuwa anakaa hapa, akisoma langu."