Mbuzi Aliyefunguliwa Kamba

Haya ni kweli tupu, hata chumvi sikutia. Nikikutwa na neno moja la uongo, jogoo wangu mwekundu, yule anayeamsha Nyakiyumbu yote hadi mpakani, achukuliwe na atakayenikamata. Ndivyo nilivyoapa Jumapili iliyopita uani kwa Yosamu, watu wametoka kanisani, nikaanza kusimulia.

Siku ile tulikuwa watatu: Yosamu, mzee wa kanisa, mkewe Musoki, na mimi Asanasio, niliyestaafu kutoka kiwanda cha saruji kule Hima nikabaki na kazi ya kusema. Tulikuwa tunapeleka mbuzi wa mwisho wa mahari ya mtoto wao, Bright, kwa wakwe kule Bwera. Wakwe walimtaka kabla ya jua la utosi. Kuchelewa ni kuwatukana.

Njia ikagawanyika. Kushoto, kivuko: unavua viatu, unavuka mto Lhubiriha kwa miguu, umefika. Kulia, kuzunguka hadi darajani, mwendo wa kuchosha hata ukiwa huna mbuzi. Kule milimani kulikuwa kweusi kama tako la sufuria, lakini kwetu halikuanguka tone.

"Tumuulize Mungu," Yosamu akasema. Ndiyo tabia yake. Hata kupanda maharage huuliza kwanza. Akaanza kufungua kamba ya mbuzi.

"Baba Bright, unafanya nini?" Musoki akamuuliza.

"Wafilisti waliwaachia ng'ombe njia, na ng'ombe wakalifikisha sanduku la Bwana bila mutu kuwaongoza. Mbuzi atatuonyesha."

"Wale ng'ombe waliacha ndama wao nyumbani, wakaenda wanalia. Huyu iko naenda kula. Si pale kivukoni ndiyo unamufungaga kila siku?"

Yosamu alikuwa ameshafumba macho. Akaomba. Mbuzi akatikisa mkia, akashika kushoto.

"Amina," akasema Yosamu, tukamfuata.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Mto ule hugombana na mawe kutwa nzima. Ukitaka kumwita mwenzako lazima upige kelele. Siku ile ulikuwa umenyamaza. Maji yamebaki ya kulowesha vifundo tu. Mawe ambayo hayajawahi kuona jua yalikuwa wazi, yanang'aa kama macho ya mgonjwa. Kambale anapigapiga mkia topeni. Ndege, hakuna. Na harufu ya udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Mumeona?" Yosamu akasema. "Mungu ametukaushia njia kama wana wa Israeli." Akavua kiatu kimoja. Mbuzi alikuwa ameshafika katikati, analamba jiwe.

Basi mimi, Asanasio, niliyekuwa nikiomba kimoyomoyo tangu njia panda, nikapewa hekima palepale. Nikatoa sauti ya afande: "Simama! Mlimani kunanyesha na mto umenyamaza, kuna kitu kimeuziba huko juu!" Nikamvuta Yosamu kwa mkanda wa suruali...

"Nani alimuvuta?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, pale uani. Sikujua kwamba Musoki ameshatoka jikoni na ungo wake.

"Sema, muzee. Nani alimuvuta?"

"Tuseme... tulimvuta, shemeji."

"Tulimuvuta! Wewe ulikuwa mbele ya mbuzi! Suruali umekunja mapajani, viatu umening'iniza shingoni, unaimba. Ni mimi niliomba Mungu anipe akili. Hakunipa ndoto, hakunipa mbuzi. Nilijikuta tu nasikiliza, na mto hausikiki. Nikamuvuta baba Bright, nikakuita wewe. Ulirudi mbio mpaka ukamuruka huyo mbuzi!"

Uani watu walicheka hadi kushikana mabega. Yosamu hakucheka. Alikuwa anasikia, kama nilivyokuwa nasikia mimi, ule mngurumo wa siku ile, ulioanzia miguuni kabla ya kufika masikioni. Tulikuwa tumeupanda ukingo kwa shida mto ulipotokea: maji meusi, yamesimama kama ukuta, na magogo wima ndani yake kama watu wanaokuja. Mbuzi aliinua kichwa mara moja. Kisha hakukuwa na mbuzi, wala jiwe, wala kivuko. Yosamu alibaki na kiatu kimoja mguuni, ameshika kamba isiyo na kitu.

"Jogoo," Musoki akasema, mkono ameunyosha.

Nikaenda nyumbani nikamleta, ananidonoa njia nzima. Yosamu aliingia ndani akatoka na kamba ya kumfunga miguu. Niliitambua ile kamba, na vidole vyangu vikakataa kufunga fundo. Ikabidi Musoki afunge mwenyewe.